Saa Iliyorudi Nyuma Ludara

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Arua, Fundi Mkuu wa karakana ya redio alininyang'anya bisibisi kabla sijafungua hata skrubu moja. Mteja alikuwa ameleta redio iliyonyamaza. Mimi nilikuwa nimetoka Logiri, shule nimeiachia darasa la tano, na nilitaka watu waone kwamba nina mikono.

“Umeuliza redio inaumwa wapi?” akasema Fundi Mkuu.

“Redio haisemi, bwana.”

“Mwenyewe anasema. Muulize ilikufa mara moja ao ilikufa pole pole. Ilikuwa inafanya nini mbele ya kufa. Kama hajui, muulize bibi yake.”

Wiki nzima kazi yangu ikawa kuuliza tu. Niliona ananidharau. Leo nimestaafu, na nasema bila kificho: sijapata mwalimu wa kompyuta aliyemzidi mtu yule, na kompyuta yenyewe hakuwahi kuigusa.

Vijana wanaoandika programu huniuliza nilisoma chuo gani. Sikusoma. Baada ya miaka mingi ya redio niliajiriwa Koboko, katika mradi wa maji, kama fundi wa nyaya. Huko pampu zilikuwa za jua, na kila pampu ilikuwa na boksi lenye kompyuta ndogo, haizidi kiberiti. Kompyuta hiyo ndiyo iliyowasha pampu na kuizima. Wataalamu waliotoka mbali waliandika programu yake wakaondoka, na ilipokosea hatukuwa na wa kumwita. Basi nikaanza kuisoma mwenyewe, kamusi ya Kiingereza mkono mmoja. Programu ni maagizo unayoiandikia mashine, mstari baada ya mstari. Mashine hutii yote. Ukiandika upumbavu, itautii upumbavu huo kwa bidii. Nililielewa hilo mapema kuliko wengi wenye vyeti, na baada ya miaka miwili programu zote za Koboko zilikuwa za mkono wangu. Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu kama mimi siwezi?

Mkubwa wangu Koboko alikuwa mwanamke, Injinia wa Maji. Sisi tulimwita Mama Injinia. Alikuwa mfupi, hapazi sauti, na hakuna aliyethubutu kumdanganya. Jumatatu moja aliniita.

“Ezati, Ludara maji imekatika tena.”

Ludara, kijiji cha mpakani, tulikuwa na pampu ya kituo cha afya. Tangi lake ndilo lililonywesha wodi ya wazazi. Pampu ikilala, tangi hukauka, na mkunga huwaambia wajawazito waje kila mmoja na jerikeni yake. Fikiria mwanamke mwenye uchungu anabeba maji.

“Mkunga hajui kubonyeza kitufe cha kuwasha,” nikajibu. “Mimi nikifika nabonyeza, pampu inawaka. Boksi ni nzima.”

“Umefika mara ngapi?”

“Nne.”

“Mara nne kitu kizima kinakufa?” Akaniangalia. “Mkuu wa Mradi anatoka Arua siku ya Ijumaa, na anakuja na mafundi wa kung'oa boksi. Akiling'oa hilo, atang'oa yote, na pampu zitarudi kuwashwa kwa mkono. Mkunga aache mama kitandani aende kuwasha pampu. Na wewe urudi kwa redio.”

 Ulimi wangu ulikuwa bado na kiburi. Nikamwambia kwamba nilikwisha badilisha betri, waya wa pampu, fyuzi, na mistari mitatu ya programu.

“Vyote siku moja?”

“Siku moja.”

“Basi ingepona usingejua dawa ni ipi. Na sasa haikupona, hujui kama umeongeza ugonjwa mwingine juu.” Akanipa daftari jipya. “Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Halafu kaa Ludara. Usiguse. Andika.”

Jumanne nikakaa. Mkunga, tuliyemwita Sista, alinipa kiti cha plastiki kando ya boksi na hakunisalimia vizuri, kwa sababu wiki iliyotangulia, aliposema hubonyeza na pampu hulala tena, nilimwambia mbele ya wagonjwa kwamba anadanganya. Kila nusu saa niliandika: jua, kimo cha maji, pampu inafanya kazi au inapumzika. Siku ile pampu haikukosea hata mara moja. Hakuna kinachomtesa fundi kama kosa linalojificha likikuona.

Jumatano, mchana, pampu ikanyamaza katikati ya kazi. Mkono wangu ulikimbilia kitufe peke yake. Nikaushika kwa mkono mwingine, kweli nawaambia, nikasoma kwanza kioo cha boksi. Kilionyesha saa nane na dakika kumi. Saa ya mkononi mwangu ilisema tisa na dakika kumi.

Nikaandika vyote viwili, nikasema kwa sauti, “Saa ya boksi imeharibika.”

Mama Keji akacheka. Huyu ni mama kutoka Sudani Kusini, alikuwa akiwauzia chai watu waliosubiri wagonjwa wao, na tangu asubuhi alinitazama kama mtu anayelinda maiti.

“Mzee, haijaharibika. Imekwenda Sudani.”

“Boksi limefungwa ukutani, mama. Litakwenda vipi?”

“Hapa simu yote inakwenda Sudani bila pasipoti.” Akatoa simu zake mbili kifuani, akaziweka juu ya sinia. Moja ilisema saa tisa, moja saa nane. “Mnara ya hapa ikikosa moto, simu inashika mnara ya ng'ambo. Kule saa iko nyuma, moja kamili. Hata mutoto wa hapa anajua. Wewe mutu ya kompyuta hujui?”

 Nilikuwa nimekwisha ona kosa, na lilikuwa na mwandiko wangu.

Nitaeleza. Ndani ya boksi kuna laini ya simu, ya kututumia habari ofisini, na boksi lilichukua saa yake kutoka kwa laini hiyo. Pampu lazima ipumzike ili kisima kijae, kwa hiyo programu huangalia saa kila mara. Nilipoiandika nilijiuliza: na ikitokea saa imerudi nyuma? Nikajijibu mwenyewe, saa hairudi nyuma, ikirudi basi boksi limeharibika. Nikaandika agizo: saa ikirudi nyuma, zima pampu, usiwashe mpaka mtu abonyeze. Niliuonyesha mstari ule kwa wenzangu nikiringa, nikiuita mstari wa busara. Koboko mjini saa haikuwahi kurudi nyuma mbele yangu, kwa sababu minara yake ina nguvu. Ludara, saa ilirudi nyuma kila mnara ulipozimika, na pampu ikafanya nilichoiagiza. Mashine haikukosea hata siku moja.

Nilipanda bodaboda mpaka ofisini. Mama Injinia alinisikiliza mpaka mwisho, hakunipongeza.

“Hiyo ni hadithi nzuri. Sasa ifanye ikosee tena, hapa, nione.”

Vijana, hapa ndipo wengi wenu mnapoangukia. Mkishapata hadithi mnakimbilia kurekebisha. Alhamisi asubuhi tukaweka boksi jingine mezani na taa ndogo mahali pa pampu. Nikarudisha saa nyuma kwa mkono, saa moja. Taa ikazimika. Nikaiwasha, nikarudia. Ikazimika. Mara ya tatu pia. Hapo tu ndipo aliponiruhusu kuandika. Niliufuta mstari wa busara. Nikaliagiza boksi lihesabu sekunde zake lenyewe tangu lilipowashwa, lipumzishe pampu kwa hesabu hiyo. Saa ya mnara ibaki ya kuandikia habari tu. Nikarudisha saa nyuma. Taa ikawaka vile vile. Nikairudisha saa mbili, tatu, nikaipeleka mbele siku nzima. Taa haikujali.

Ijumaa nilikwenda Ludara mapema, nikaingiza programu mpya, nikamtafuta Sista.

“Sista, kosa ilikuwa yangu.”

“Najua,” akasema, anakunja shuka. “Ilikuwa yako toka siku ya kwanza. Mimi nabonyeza kitufe vizuri kukupita.”

“Nilikuambia mbele ya watu.”

“Basi na hii sema mbele ya watu.”

Nikasema. Watu wa benchi wakapiga makofi, Mama Keji kwa nguvu kuliko wote, na sikufurahi hata kidogo, lakini ilikuwa haki yake.

Mkuu wa Mradi alifika na gari na mafundi wawili na ngazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. “Inazima kwa sababu gani?” Nikamweleza kwa maneno matatu, kosa langu mwenyewe, kisha nikasema limerekebishwa. “Onyesha.” Nikarudisha saa ya boksi nyuma mbele yake. Pampu ikaendelea. Akasimama, sikio kwenye bomba, mpaka nikachoka kwa niaba yake. Kisha akawaambia mafundi, “Rudisheni ngazi kwa gari.”

Mama Injinia hakuishia hapo. Alinitaka niandike kosa lile kwenye karatasi, na jina langu, na sababu ya kujidanganya kwangu, tukaibandika ofisini. Nilichukia. Mwaka uliofuata ukuta ulijaa karatasi za kila mmoja wetu, naye mwenyewe akiwa na mbili, na mafundi wapya wakasoma ukuta kabla ya kusoma kitabu. Nimewahi kuona wakubwa waliojenga ofisi za ghorofa. Sijamwona aliyejenga kitu kilichoupita ukuta ule.

Nimeandika programu mpaka macho yakakataa. Mwezi wa kustaafu nilizunguka pampu zangu zote kuziaga, na Ludara nilimkuta mkunga mpya, msichana wa Lurujo, ananawa mikono baada ya kuzalisha. Bomba lilikuwa wazi, maji yanatiririka.

“Mzee, unatafuta mgonjwa?”

“Natafuta kujua kama maji inasumbua.”

“Maji?” Akanishangaa, kama niliyemuuliza kama jua linachomoza. “Hapa maji haijawahi kusumbua.”

Nilitaka kumweleza. Mdomo ulikuwa umekwisha funguka. Kisha mtoto akalia ndani, mkunga akakimbia kumwendea, nami nikakaza bomba alilosahau, nikaenda zangu.