Sajini Namono na kitanda cha pili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sajini Annah Namono anahesabu wanawake.

Wamechuchumaa kwa mistari miwili mbele ya bweni, wote thelathini na wanne, na ukungu bado umeufunika mlima Wanale nyuma ya ukuta. Anapita mbele yao polepole huku kidole chake kikipiga hewa. Akifika ishirini na moja, anasimama. Amesahau. Anarudi mwanzo wa mstari.

"Siku hizi nahesabu mara mbili," anasema baadaye, akivua kofia yake kwenye kibanda cha walinzi. "Nikifika katikati, naanza kuangalia nyuso. Zamani nilikuwa naona idadi tu."

Namono ana umri wa miaka hamsini na minne. Ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza katika gereza hili dogo la wanawake nje ya mji wa Mbale. Ni mjane, ana nyumba ya vyumba vitatu chini ya mlima na mtoto mmoja, Trevor, aliye Kampala. Mshahara wake haufiki shilingi laki nane kwa mwezi. Mwakani anastaafu.

Wenzake wanaokaribia kustaafu hununua ng'ombe. Yeye alitaka kupanda boti.

Hamu hiyo ilimjia mwaka jana, siku mwenzake wa zamu alipomwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa tangazo la safari ya siku tatu ziwani, kutoka Jinja, kulala humo humo kwenye boti, shilingi laki nne na nusu. Katika picha, mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti juu ya boti, miguu ameinyoosha, yuko peke yake.

"Hakuna mtu mbele yake wa kuchunga," Namono anasema. "Niliangalia hiyo picha mpaka mwenyewe akaniomba simu yake."

Siku yake ya mapumziko alipanda gari hadi Jinja. Ofisi ya wenye boti ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, kwenye jengo la zamani lenye nguzo. Humo alimkuta Mahad, kijana mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ambaye kazi yake ni kuuza nafasi za safari.

"Karibu, Afande," Mahad alisema mara tu Namono alipomsalimu.

"Mimi sikuvaa sare," Namono anakumbuka. "Nilivaa gauni langu la gomesi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, hapa Jinja mwanamke akinisalimia kwa Kiswahili namna hiyo, najua ametoka kambi ya askari."

Namono aliweka pesa mezani. Mahad alizihesabu, kisha akauliza jina la mwenzake.

"Sina mwenzangu. Naenda peke yangu."

Mahad alizirudisha pesa mezani taratibu. Bei ile, alieleza, ni ya kila mtu wakiwa wawili chumbani. Kwa mtu mmoja ni laki nane na nusu.

"Lakini mimi sitalala kwa vitanda viwili," Namono alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Na chakula nitakula ya mtu moja."

"Ndiyo, Afande."

"Sasa hii ingine nalipa ya nani?"

Mahad alifikiri. "Ya yule hajakuja," alijibu.

Namono alishuka ngazi akiwa na pesa zake mkononi na swali kichwani. Njia nzima ya kurudi Mbale alijaribu kumjua huyo ambaye hajakuja na kwa nini alipiwe.

Wiki zilizofuata alitafuta kwingine. Kampuni moja ilimwambia inachukua wanandoa tu. Nyingine ilimtumia bei za meli kubwa za Ulaya, zenye maduka na sinema ndani, kwa dola. Alipozigeuza kuwa shilingi alikuta angelazimika kuuza nyumba yake yote ili afike bandarini. Huko nako, mtu asiye na mwenzake alitozwa karibu mara mbili.

"Nikasema, kumbe dunia yote imekubaliana," anasema.

Nyumbani hakupata nafuu. Dada yake Jovia, anayeuza mboga mtaa wa Nabuyonga, alidhani ni ugonjwa. "Mtu anaenda majini peke yake kufanya nini? Hata kuogelea hujui!" Trevor alipiga simu mara tatu kwa siku moja kuuliza mama yake amegombana na nani.

"Kila mtu aliniuliza kwa nini. Na mimi mwenyewe nilikuwa natafuta jibu. Sikulipata. Lakini hamu haikuondoka."

Mwishoni mwa Oktoba, Mahad alipiga simu. Mvua zilikuwa zimeanza, wageni wamepungua, vyumba vinabaki wazi. Na ofisini alikuwa amekuja mwanamke mwingine anayetaka safari hiyo hiyo, naye hana mwenzake. Kama Namono angekubali kulala chumba kimoja na mtu asiyemjua, kila mmoja angelipa laki nne tu.

"Mwanamke mzuri, Afande. Anauza nguo za watoto sokoni hapa. Anaitwa Mastula."

Namono alikubali. Jina hilo halikumwambia kitu. Gerezani wamepita mikononi mwake mamia ya wanawake, na Mastula ni jina la watu wengi.

Asubuhi ya safari, boti ya vyumba sita ilikuwa imefungwa kwenye gati la Masese, na manyunyu yakianguka. Namono alipanda na begi lake, akafungua mlango wa chumba namba nne. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akikunja shungi lake kitandani aligeuka, akamtazama, akasimama wima. Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo yenyewe.

"Afande," alisema.

Ndipo Namono alipomjua. Mastula alikaa chini ya ulinzi wake miaka minne, kwa kosa la kumkata shemeji yake panga katika ugomvi wa shamba. Alikuwa ametoka miaka sita iliyopita.

"Nilitaka kushuka," Namono anasema. "Nikatoka mlangoni nikamwambia baharia, nishushe. Akasema, mama, tumeshaondoka. Nikaangalia, nikaona gati iko mbali."

Siku ile ya kwanza walizungumza machache. Walikula meza moja kwa sababu meza ilikuwa moja. Wageni wengine, watu wanane waliokuja wawili wawili, waliwadhania ni ndugu waliokosana.

Baada ya chakula cha mchana, Mastula alisimama kando ya kiti cha Namono, akainamisha kichwa.

"Afande, naomba kwenda choo."

Maneno hayo yalipotoka, wote wawili waliduwaa. Mastula akaweka mkono mdomoni. Namono alifungua kinywa kumwambia hahitaji ruhusa, akajisikia akisema, "Nenda." Mpaka leo anaposimulia hapo, anafunika uso.

Siku ya pili jua lilitoka. Boti ilisimama karibu na kisiwa, wageni wakashuka kutazama ndege, wao wawili wakabaki juu. Mastula alisogeza kiti chake karibu.

"Kuna jambo nimetaka kukuambia tangu nitoke," alisema. "Unakumbuka siku mama yangu alipofariki? Niliombewa ruhusa ya kwenda kuzika, ikakataliwa. Mchana wewe ukanitoa bwenini, ukanipeleka nyuma ya jiko, mahali hakuna mtu. Ukanipa leso yako nijifunike. Ukasema, lia, mimi nitasimama hapa. Ukasimama mpaka jioni. Mimi kila swala nakuombea, Afande. Miaka yote hii. Nakutaja kwa jina."

Namono alikuwa akiitafuta siku hiyo kichwani mwake na haoni kitu. Hakuikumbuka leso. Hakukumbuka nyuma ya jiko. Alilolikumbuka vizuri kuhusu Mastula ni jingine kabisa. Alimkuta ameficha sindano ya kushonea ndani ya godoro, akamnyima wageni wiki mbili. Ndani ya wiki hizo, mama yake alikuja kutoka Jinja, akarudishwa getini.

"Huenda ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuja," Namono anasema, sauti ikiwa chini. "Sijui. Sikuandika. Na huyu ananishukuru."

Asubuhi ya tatu, boti ikirudi Jinja, alishindwa kuendelea kunyamaza. Alimweleza Mastula yote: kwamba haikumbuki leso ile, kwamba anadhani ilikuwa ya mlinzi mwenzake, Brigid, ambaye alikuwa mwepesi wa huruma na ambaye watu walizoea kumchanganya naye kwa sababu wana umbo moja. Akamweleza pia habari ya sindano na getini.



"Ya sindano naijua," Mastula alisema. "Nilikuchukia kwa hiyo. Halafu ukaja na leso, nikashindwa kukuchukia. Sasa unaniambia leso si yako?"

"Nadhani si yangu."

"Na dua zangu za miaka sita? Zimekwenda kwa nani?"

Namono alisema hajui. Mastula alianza kucheka, kisha kucheka kukageuka kilio, na Namono, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuruhusiwa kumgusa mfungwa ila kwa kumpekua, hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe aliiweka begani mwa Mastula. Walikaa hivyo mpaka boti ilipogonga gati.

Akiwa Mbale, Namono alitafuta namba ya Brigid, ambaye alihamishiwa kaskazini. Alimsimulia habari ya leso, akitarajia kusikia, ndiyo, nilikuwa mimi.

"Mwaka ule?" Brigid alisema. "Mimi nilikuwa likizo ya uzazi, dada. Nilikuwa kwetu miezi miwili. Mbona isiwe wewe?"

Namono alikata simu akakaa kitandani. Tangu hapo, anasema, kuna siku anaamka akiwa na hakika kwamba si yeye. Siku nyingine, akiwa zamu nyuma ya jiko, anahisi kama amewahi kusimama pale muda mrefu, miguu ikimuuma, bila kujua kwa nini.

Angeweza kuomba kuangalia kitabu cha zamu cha mwaka ule. Hajaomba. "Nikikuta jina langu, nitashangaa. Nikikuta jina la mtu mwingine, nitaumia. Acha kwanza."

Mastula humpigia simu kila Ijumaa. Bado anamwita Afande, ingawa ameambiwa aache. Mwezi wa nne, mvua zikirudi na bei ikishuka, watapanda boti tena, na mara hii wameomba chumba chenye dirisha upande wa visiwa. Mahad ameshaandika majina yao kwenye karatasi moja. Jovia amesema naye atafikiria, kama atahakikishiwa jaketi la kuokolea ni jipya.

Na zile dua? Namono anavaa kofia yake, anainuka kurudi zamu.

"Ameniuliza juzi kama aache. Nikamwambia aendelee, ataje jina langu hivyo hivyo. Kama si mimi, Mungu anamjua aliyesimama pale."