Ndagala za Matanga

Kitanda changu cha kwanza chuoni kilikuwa cha mtu mwingine. Msichana wa milimani, juu ya kwetu Fizi, wale watu wa ng'ombe, ndiye aliyekilalia kabla yangu. Vita vilipoanza watu wa kabila lake wakahesabiwa maadui; aliondoka, na hakuna aliyetaka kumtaja. Aliacha kandambili chini ya kitanda; sikuzivaa wala sikuzitupa. Nilikuwa mwaka wa kwanza, mgeni Lubumbashi, na lafudhi yangu ya Kivu iliwageuza watu shingo kwenye foleni ya maji. Kwetu Baraka kulikuwa mikononi mwa waasi, kwa hiyo kwa akili za foleni hata mimi nilikuwa mwasi kidogo. Nilijifunza kunyamaza, jambo ambalo mama yangu asingeliamini.

Homu, ndivyo tulivyoita bweni, ilijengwa kwa wasichana wawili kila chumba. Sisi tulikuwa watano, wenye vitanda na makizari, yaani wale waliojibanza sakafuni bila kuandikishwa. Mkubwa wa chumba alitoka Kilembwe, Mbembe kama mimi, mwaka wa pili lakini mdomo wake ulikuwa wa profesa. Tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa na resho ya umeme, yaani jiko dogo, iliyokatazwa, na iliyozima taa za korido nzima kila tulipopika. Tukisikia viatu vya msimamizi tuliisukuma chini ya kitanda ikiwa bado moto, tukafungua vitabu. Chumba kilinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, nasi tunasoma sheria.

Ndagala zilikuwa zangu. Mama alizianika na kuziuza, na tangu vita vilipokata njia alinitumia gunia kila alipoweza, kupitia kwa mama mmoja mfanyabiashara wa Kazimia: kwa boti hadi Zambia, kisha kwa lori hadi mpakani Kasumbalesa, hadi mlangoni kwetu. Barua yule mama alikataa kabisa. Karatasi iliyotoka upande wa waasi ilikuwa kesi kwenye kila kizuizi. Samaki hawana siasa. Basi habari yote niliyoipata ya nyumbani ilikuwa gunia lenyewe, na kipande cha kitenge kilichofungwa mdomoni mwake. Wauza ndagala wa kwetu hutia alama hivyo, kila mmoja kwa nguo yake ya kila siku, ili magunia yasichanganyike bandarini. Cha mama kilikuwa chekundu, kimepauka. Nikikiona, nilijua kwamba mama anaishi na anavaa.

Halafu magunia yakakatika. Watu walisema Baraka imepigwa tena, watu wamekimbia, wengine wamezama. Nilikaa roho juu. Darasani niliandika nisichokisikia, na mtu akigonga mlango nilitangulia wote kufungua.

Gunia lilipokuja lililetwa na dereva wa lori asiyejua lolote. Yule mama alikuwa amekwama mpakani na karatasi zake. Mdomoni mwa gunia palifungwa kipande cha kitenge cha bluu nzito, na juu yake limechapwa bawa jeupe la ndege.

Sikulifungua gunia.

Kitenge kile nilikijua. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku la mama, kimekunjwa na majani ya mchaichai, na hakuwahi kukivaa, hata Krismasi. Usiku wa kuamkia safari yangu alikitoa, akanishikisha, maana kwetu binti lazima akijue. "Hii njo ya kunizika," alisema. "Usiache bamama banivalishe ingine." Kisha akakirudisha, akaniuliza kama nimepakia sabuni.

Sasa nani angekata kitenge cha kuzikia, kama si watu waliokwisha kuzika? Waliomvika, wakabakiza kipande, wakanitumia kwa njia pekee iliyokuwapo. Hivyo ndivyo nilivyokisoma kile kipande, na Yaya, nilipomweleza, alikisoma vilevile. Hakuuliza mara mbili. Alivuta godoro langu hadi sakafuni, akafungua mlango wazi, akanifunga kitambaa kichwani, akaanza kulia kwa Kibembe kwa sauti iliyowatoa vyumbani watu wa ghorofa nzima.

Watu wa Kivu wakaja. Hata waliokuwa wakinikwepa kwenye foleni wakaja, wakaketi sakafuni, na matanga yana tumbo, kwa hiyo Yaya akafungua gunia akapika. Kufa kufaana: vijana wa homu ya wanaume ambao hawakuwahi kuijua Baraka walilia vizuri sana na wakaomba ugali wa pili. Msimamizi naye akapita, akaiona resho, akavua kofia, akaenda zake. Mimi peke yangu sikulia. Machozi yalikataa. Nilikaa nimeshika kile kipande, nikiwaza kitu kimoja tu: kama kimekatwa, je, kilimtosha miguuni?

Kesho yake mchana, tukiwa bado sakafuni, mama mfanyabiashara akatokea mlangoni, mzigo kichwani. Kwetu mtu akikuta matanga halii baadaye. Analia kwanza, anauliza nyuma. Akatua mzigo, akajitupa kwenye godoro, akalia nasi kwa heshima zote, Yaya akimpokea sauti. Walipopumua, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Pole sana, batoto. Ni nani amekufa?"

"Ni mama yake," Yaya akasema, akinionyesha.

Yule mama akanitazama, akalitazama gunia, akaitazama sufuria.

"Mama yake mwenye Baraka? Ule nilimuacha Kazimia. Iko anaanika ndagala, na alinitukana kwa sababu ya bei."

Nikamwonyesha kipande.

"Ah, ile," akasema. "Balikimbia na nguo ya mwilini. Yeye alirudi ndani, akatoa kitenge ya sanduku. Alisema kama anakufa njiani, isikuwe bila ile. Sasa hakufa. Ile nyekundu imeisha kupasuka. Njo anavaa hii, kila siku, ku samaki."

Yaya akasimama, akarudisha godoro kitandani, akawaambia wale vijana waende wakalie kwao.

Nilidhani hofu itaisha. Ilibadilika tu. Kila gunia lililofuata lilikuja na kipande cha bluu, bawa, mkia, mdomo wa ndege, na kila kipande kilikuwa chembamba kuliko kilichotangulia. Mama alikuwa akinisomesha kwa kukata sanda yake. Nilimtuma yule mfanyabiashara amwambie mama atumie nguo nyingine yoyote. Jibu likaja: nguo nyingine mutoto yangu haijui, atazania nimekufa.

Vita vilipotulia nilirudi Baraka. Vipande vyote nilikuwa nimeviunganisha kwa uzi wa nyavu, uleule aliokuwa akishonea magunia. Nilimpa mama. Alikuwa amejifunga kichwani utepe wa bluu, usio na ndege hata mmoja, ndio uliobaki. Akaipokea ile nguo ya viraka, akainusa.

"Inanuka ndagala," akasema. Kisha: "Nasikia mulinililia."

"Ndiyo, mama."

"Batu balikuya?"

"Walijaa hadi korido."

"Balikula nini?"

"Ndagala."

"Ya nani?"

"Yako."

Akacheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza aliikunja nguo polepole, pembe kwa pembe, akaiweka ndani ya katoni, maana sanduku liliibwa.

"Basi matanga yangu nilishalisha mi mwenyewe," akasema. "Siku nitakufa, wewe ulie tu."

Akatoka kugeuza samaki juani. Nilibaki karibu na katoni, na hapo ndipo nilipolia.