Neno Moja katika Historia ya Mpiga Klarineti

Mpiga klarineti wa kilima chetu alipofariki, mjane wake alinikuta zizini asubuhi, bado nakama ng'ombe. Alisubiri nimalize. Kisha akanipa daftari la shule lisiloandikwa kitu.

“Papa Muzee, uniandikie historia yake. Lakini usiandike kwamba alitubu.”

Kwetu Masisi, kabla ya mahubiri ya maziko, mzee mmoja wa kanisa husoma ukurasa unaoitwa historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliacha watoto wangapi, aliugua nini. Nimeandika nyingi, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja, maana zimenifundisha majirani zangu. Mtu akifa akiwa chini ya adhabu ya kanisa, kuna neno moja linalomfungulia mlango: katika ugonjwa wake alitubu. Nimewaandikia walevi neno hilo, nimewaandikia wenye wake wawili, na si kila mara nilikuwa na hakika. Bila neno hilo, mwili hauingii kanisani, na historia husomwa nyumbani.

Adhabu yake yeye ilikuwa ya muziki. Alipiga jazi, kama tulivyoiita wakati ule okestra yoyote yenye chombo cha kupulizwa. Alijifunza Walikale kwa fundi mmoja wa mashine, akarudi kilimani na klarineti iliyofunguliwa vipande vitano ndani ya gunia la maharage. Yeye na rafiki yake mpiga gitaa walipiga kwenye arusi, kwenye baa za Nyabiondo, na kwenye kambi za wachimbaji njia ya Bisie. Baraza la wazee, nami nikiwemo, likamzuia Meza ya Bwana mpaka aache baa.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lililonishangaza kwa miaka mingi. Watu tunaowaadhibu huacha kosa, la sivyo huacha kanisa. Huyu hakuacha lolote. Jumamosi alipiga jazi, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, la walioadhibiwa, amenyoa ndevu, kola imepigwa pasi. Sahani ya mkate ilipompita aliiangalia kwa adabu, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Nilimwona hivyo kila Jumapili, wala sikumuuliza hata mara moja. Sisi wazee tumezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake tunayajua.

Nilimwambia mjane, “Mama, nikiliacha neno lile, hataingia kanisani.”

“Najua.”

“Labda alitubu moyoni, nawe hukujua.”

“Papa, ule bwana alikuwa ananiambia hata kama amepiga chafya. Angetubu, asingeniambia?”

Watoto wake walikuwa bado njiani kutoka Walikale na maziko yalipangwa Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa na siku mbili. Nilifungua kwanza kitabu cha baraza, ninachokitunza sandukuni. Nikakuta mstari, mwandiko wangu mwenyewe: “Ndugu yetu ameacha muziki. Tunamshukuru Mungu.” Nikakumbuka. Msimu mmoja wa mvua klarineti ilinyamaza miezi mitatu, nasi tukafanya maombi marefu ya shukrani. Tulikuwa karibu kumrudishia Meza, Jumamosi moja klarineti ikalia tena. Tukasema yule pepo amerudi na wenzake saba.

Kumbe msingi wa neno lile ulikuwa tayari kitabuni. Ningeweza kuliandika bila kusema uongo mkubwa. Lakini nilitaka kujua ile miezi mitatu ilikuwa nini, nikapanda pikipiki mpaka Nyabiondo.

Mpiga gitaa alikuwa uani kwake akichagua mbegu za maharage. Meno yamemwisha, mdomo haujaisha.

“Karibu, Papa wa kanisa. Umekuja kuniombea ao kunifukuza?”

“Nimekuja kuuliza.”

“Kuuliza? Basi leo mvua ya mawe itanyesha.”

Nilimuuliza kwa nini rafiki yake hakutuhama, nasi tulimweka nyuma miaka yote hiyo.

“Mulimuweka nyuma mukifikiri ni azabu,” alisema. “Kule nyuma njo sauti zote zinafika. Mbele unasikia pasta tu. Alikuwa ananiambia, bamama benu banachelewa kidogo kwa sauti, banaivuta, halafu banaingia wote pamoja. Ile kuchelewa aliibeba mu jazi. Batu ba Walikale walicheza kuchelewa kwa bamama benu, Muzee, na viatu viliisha.”

Wale mama wa kwaya nimewaongoza kuimba miaka mingi, na kila mwaka nimewakemea kwa kuchelewa.

“Na ile miezi mitatu aliyoacha?”

“Kuacha?” Aliweka ungo chini. “Ile klarineti iko na vifuniko vya ngozi, vidogo kama vifungo vya shati. Njo vinaziba matundu. Vilikauka, na yeye, kwa akili yake yote, akavipaka siagi ya ng'ombe vilainike. Panya wakasikia harufu. Hawakuacha hata kimoja. Alikaa kama mufiwa.”

“Sisi tulimshukuru Mungu,” nilisema.

“Juu ya panya?” Alicheka mpaka akashika mbavu. “Wazee nyinyi, mulifanya ibada juu ya panya.”

Nilicheka nami, nikaona aibu, nikacheka tena. Kisha nikauliza ngozi nyingine aliipata wapi, maana ngozi nyembamba hivyo haipatikani sokoni.

“Unaniuliza mimi? Aliipata kwako.”

Ikanirudia yote. Ng'ombe wangu mmoja alizaa ndama mfu. Siku ileile mpiga klarineti alikuja, kofia mkononi, akaomba kipande cha ngozi ya tumbo. Nilimkatia. Alinishukuru kupita thamani ya kipande kile, nami nikadhani anataka kushona kifuko. Sikumuuliza.

Alhamisi nilimpelekea mchungaji ukurasa wangu. Ni kijana kwangu, lakini ni mchungaji wangu. Alisoma polepole mpaka mahali nilipoandika: “Hakuacha muziki, na hakuacha kanisa. Alikubali adhabu bila kinyongo. Kitabu chetu kiliandika kwamba ameacha. Haikuwa kweli, na aliyeandika ni mimi.”

“Papa Muzee, neno moja tu lingetosha.”

“Najua, Pasta. Nimeliandika mara nyingi.”

“Siwezi kuruhusu huu usomwe kanisani. Baraza halijamfungulia.”

“Nitausoma nyumbani kwao.”

Aliukunja ukurasa, akanirudishia. “Nami nitakuja kusali. Kusali uani hakuna sheria inayokataza.”

Jioni nilimpelekea mjane habari hiyo. Hakufurahi. Najua alitumaini nitapata njia ya tatu, ukweli na kanisa pamoja. Alikaa akiangalia jeneza ambalo mafundi walikuwa bado wanalipiga randa.

“Njo hivyo,” alisema mwisho. “Afazali abakie inje akiwa yeye, kuliko kuingia mule akiwa muntu mwingine.”

Ijumaa nilisoma chini ya shiti la turubai lililofungwa uani, mvua ndogo ikinyesha. Mchungaji alisimama karibu nami. Wazee wawili wa baraza walikuja, nilipofika kwenye habari ya kitabu wakaangalia viatu vyao. Nilisoma pia habari za panya na za ngozi yangu, kwa kuwa ni kweli, na watu wakacheka kwa sauti ndogo, kama wanavyocheka wafiwa.

Nilipogeuza ukurasa, mjane aliinua mkono.

“Papa, pale kwa kuacha. Rudilia.”

Nikarudia: hakuacha muziki, na hakuacha kanisa. Akaitikia kwa kichwa, akaniashiria niendelee na habari ya ugonjwa.