Miran na Ngazi za Mokpo

Mama yake Tak Miran aliuza samaki wakavu katika soko la Mokpo. Kibanda kilifunguliwa alfajiri na kufungwa jioni, kwa hiyo binti alijilea mwenyewe. Alipotimiza miaka kumi na minne akapata pa kushinda: chumba cha gemu cha Bwana Heo, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Kipupwe kilipoingia palikuwa na joto, na tambi za moto uliletewa palepale kitini. Miran akachagua kompyuta ya mwisho, karibu na ukuta, akajifunza gemu moja ya vita, na kabla ya mwaka kwisha akawa hashikiki. Wachezaji wa Seoul na Daegu, ambao hawajawahi kumwona kwa macho, walimwita Malkia wa Barafu. Watu thelathini walisubiri amri yake.

Shuleni malkia alisinzia. Akaanza kukosa vipindi, halafu siku nzima, na akiwa na miaka kumi na saba akaacha kabisa. Mkono wa kulia ulimfa ganzi. Macho yalimchonyota, shingo ikajitokeza mbele kama ya kobe. Mama alibembeleza, akafoka, mwisho akamfichia viatu. Miran akatoka na kandambili kwenye theluji.

"Kwangu unakuja kulala tu," mama alimwambia siku moja. "Hata mpangaji husalimia."

"Hujambo, mama mwenye nyumba," Miran akajibu, akapita.

Februari ya mwaka 2009, akiwa na miaka kumi na tisa, kikosi chake kiliingia mashindanoni. Alikaa kitini tangu Ijumaa asubuhi. Chooni alikwenda mara chache, usingizi aliuiba kwa kuegemeza kichwa ukutani, na chakula alikula kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kazini. Jumapili mchana wakashinda. Akasimama ajinyooshe, na mguu wa kushoto ukakataa. Ulikuwa umevimba mpaka suruali inataka kupasuka. Alivuta pumzi, ikaishia njiani. Bwana Heo alimkuta ameketi sakafuni, midomo imebadilika rangi.

Hospitali ilisema damu imeganda mguuni na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu. Daktari aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Haya nayaona kwa wazee waliolala kitandani miezi," alisema. "Wewe umeyapata kwa kukaa. Ungeongeza saa mbili, leo ningekuwa nazungumza na mama yako peke yake."

Mama alikuwa pembeni, mikono bado inanuka ngisi mkavu. Alimfunika vizuri ule mguu uliovimba. Miran alizoea kufokewa. Upole ule hakujua auweke wapi.

Alitoka na soksi za kubana mguu, dawa za kuzuia damu kuganda, na amri ya kutembea kila siku. Nyumba yao ilikuwa chini ya kilima, na kutoka mlangoni pao ngazi zilipanda hadi nyumba za mwisho juu kabisa: ngazi mia tatu na kumi na mbili. Siku ya kwanza alipanda ishirini, akaketi, kifua kinamwaka. Jirani mmoja, Bibi Gu, akatokea nyuma yake na furushi la kabichi za kutengenezea kimchi, achari yao ya pilipili.

"Nipishe, binti wa samaki. Au unangoja basi lipite hapa?"

Miran akasogea. Bibi huyo wa miaka sabini na kitu akapita bila hata kushika ukuta. Aibu ile ilimpandisha ngazi kumi zaidi.

Laiti ingeishia hapo. Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, akajiambia atapita kwa Bwana Heo nusu saa tu, awasalimie wenzake. Saa tisa baadaye bado alikuwepo. Mama aliingia, akakodi kompyuta ya pembeni ingawa hakujua hata kuiwasha, akaagiza tambi, akala taratibu huku akitazama skrini ya mwanawe.

"Hawa ni akina nani?"

"Marafiki zangu, mama."

"Wanajua ulilazwa?"

Miran hakuwa amewaambia. Akaandika: *Nilikuwa hospitalini. Nilikaribia kufa.* Jibu likaja upesi: *Pole. Sogea kushoto, adui anakuja.* Mwingine akaandika: *Kumbe ulikuwa hupo?* Ndipo alipotazama orodha ya kikosi. Siku mbili tu baada ya yeye kuanguka, Malkia mpya alishawekwa.

Alikaa akiyasoma maneno yale mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha akafuta jina lake mwenyewe, miaka mitano ya vita ikaenda na maji.

"Utamaliza tambi hizo?" Miran akamuuliza mama.

"Chukua. Zina chumvi kama bahari. Umeishije kwa hizi?"

Wakala pamoja, wakateremka. Njiani Miran alilia, na mama akamwacha alie.

Mei alifika ngazi ya mia. Agosti, jasho likimtiririka, akaigusa ya mwisho, na mji wote ukawa miguuni pake, visiwa vimesambaa mpaka macho yanachoka. Bibi Gu alikuwa uani akianika pilipili.

"Umefika? Basi kesho usipande mikono mitupu. Kabichi zangu zinakusubiri chini."

Ndivyo ilivyoanza. Leo kabichi, kesho dawa za Bwana Pyo, mzee wa huko juu asiyeweza tena kuteremka, keshokutwa vifurushi vilivyorundikwa chini kwa sababu pikipiki haziwezi kupanda. Mchana alisomea mtihani wa wale walioacha shule, vitabu vimefunguliwa juu ya ndoo kibandani kwa mama. Alifeli hesabu, akarudia, akapita.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu posta ilipotafuta mtu wa kuhudumia kilima. Waombaji walikuwa kumi na mmoja, yeye mwanamke pekee. Wakaambiwa wabebe gunia la kilo ishirini kuzunguka ua. Kijana mmoja mwenye mabega mapana akamtazama akitabasamu.

"Dada, hili si begi la mkononi."

"Najua," Miran akasema. "Nimeona ni jepesi mno, nikadhani limetoboka."

Alizunguka mara ya pili bila kuambiwa, na wasimamizi wakaacha kuandika wakamtazama.

Kazi wakampa yeye, na Jumatatu yake ya kwanza Mokpo ilikuwa na baridi kali na jua safi. Miran alipanda na mfuko begani, soksi zake za kubana ndani ya buti, akigonga malango yaliyozoea kusahauliwa. Watu walitoka na nguo za kulalia kuhakikisha kwa macho yao. Bwana Pyo alipokea barua ya mwanawe mlangoni kwake, mara ya kwanza kwa miaka sita, akaitazama saa yake.

"Saa nne na robo," alisema. "Aliyekuwepo kabla yako aliishia nusu ya kilima, tena saa saba."

"Kesho saa nne kamili, baba."

Akaketi juu kabisa, akanyoosha miguu yote miwili juani, akafungua wali uliofungwa kwa mwani ambao mama alimtilia mfukoni asubuhi, na kuula wote.