Usta Wagih na mkanda wa Mama Fathi

Jua la Agosti limeupiga mtaa wa Karmouz, Alexandria, tangu asubuhi, na maji ya tangi la juu ya paa yanatoka bombani moto, karibu ya kutilia majani ya chai. Usta Wagih Sabri, fundi wa kusafisha picha nyeusi na nyeupe (Usta ndilo jina la heshima la mafundi hapa), hana haraka. Anavunja barafu kwa mpini wa kisu, anaitia kwenye beseni, anazamisha chupa zake mbili za dawa, kisha anakaa kwenye kigoda cha jikoni kusubiri zipoe.

"Ukiuosha mkanda kwa maji haya, utando wake unalainika, halafu unapasukapasuka kama tope lililokauka," anasema. "Watu wanakuja hapa wanalia kamera imerogwa. Kamera imekosa nini? Mwenye kosa ni Agosti."

Jiko hili ndilo karakana yake. Studio aliyoingia akiwa kijana ilifungwa, leo panauzwa makasha ya simu, na pensheni yake haifiki nusu ya mwezi. Wanaomshika mkono ni vijana waliofufua kamera za babu zao. Wanajisafishia mikanda nyumbani, wanaiharibu, ndipo wanakumbuka njia ya kwa Usta.

Mmoja yuko mlangoni sasa, na mkanda wenye ukungu mweupe kama maziwa. Usta anautazama kidogo tu, anamuuliza ile dawa ya pili, ya kukaza picha isifutike, ameitumia mara ngapi. Kijana hakumbuki.

"Dawa yako imekufa, mwanangu, na wewe bado unaituma kazi. Uloweke tena kwenye mpya, ukungu utaondoka."

Kijana anashuka ngazi anacheka. Usta hacheki. Tangu kiangazi cha mwaka jana, kicheko chake kimekuwa cha nadra.

"Natibu mikanda ya watu," anasema. "Uliokuwa na maana kuliko yote niliuua mimi."

Ulikuwa wa Mama Fathi, mjane wa ghorofa ya chini. Miaka minane iliyopita mwanawe Fathi alipanda boti na wenzake kwenda Italia, na bahari haikurudisha hata kiatu. Simu yenye picha zake alizama nayo. Mama alibaki na picha za utotoni tu, mpaka mwaka jana rafiki wa marehemu alipomletea kamera ya zamani aliyoachiwa, mkanda ukiwa ndani.

Mama Fathi aliupandisha mwenyewe kwa Usta. Alimweleza kwamba siku moja kabla ya safari, mwanawe alimpa kamera pale roshanini, akamwambia abonyeze.

"Nikabonyeza," alisema. "Hizo nyingine zitupe ukitaka, Usta. Nipe hiyo moja."

Sasa, dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, huuawa na hewa. Kwa hiyo kila inapopungua, Usta hutumbukiza gololi za kioo ndani ya chupa hadi dawa ipande shingoni. Dada yake Nadira, anayeishi naye, ameimbiwa wimbo huo maisha yake yote: chupa ijae, chupa ijae. Na mtaani kwao, ikisikika kwamba maji yatakatika, hakuna chupa inayoachwa nusu. Asubuhi ile Mama Fathi alipouleta mkanda, ilisikika hivyo. Gololi zilikuwa zimekwisha, na Nadira, kwa moyo safi kabisa, akaijazia dawa maji ya bomba, ikapungua nguvu bila Usta kujua.

Bado palikuwa na mlango wa kuokoka. Siku zote Usta hukata kipande cha ncha ya mkanda, akakidondoshea dawa mwangani. Kikigeuka cheusi, dawa ni nzima. Siku ile hakukijaribu. Barafu ilikuwa inayeyuka, na Mama Fathi alikuwa sebuleni na tasbihi yake.

"Nilimhurumia kumkalisha," anasema. "Tazama huruma yangu ilivyomtenda."

Alipofungua kopo la kusafishia, mkanda ulikuwa unaonyesha upande wa pili kama kioo cha dirisha. Akatafuta namba za pembeni. Namba hizo hutiwa kiwandani, na hutokezwa na dawa, kamera iwe nzima au mbovu. Zikiwa nyeusi na picha hazipo, kosa ni la kamera. Zikififia pamoja na picha, kosa ni la dawa.

Zilikuwa zimefifia.

Nadira alipofahamu alichofanya, alijipiga kofi shavuni. Kisha akamnong'oneza, "Kaka, mwambie ni kamera. Imelala miaka saba, nani atakubishia?"

Usta anakiri kwamba alitoka jikoni na uongo huo mdomoni. Alipomwona mama wa watu ameinuka, anajifuta viganja ili apokee, ukamshinda. Wala hakumtaja Nadira.

"Nikamwambia, Mama Fathi, kamera ilikuwa nzima. Mwanao alikuwemo. Nimempoteza mimi."

Mama hakulia wala hakumlaumu. Aliuchukua mkanda ukiwa bado unadondoka maji, akaulaza juu ya mkono wa kanzu yake nyeusi ya msiba, akaugeuzageuza penye dirisha.

"Huyu hapa," akasema.

Mkanda uliofifia mno, ukiulaza juu ya kitu cheusi, mwanga ukaupiga kwa ubavu, picha yake ya kinyume hujigeuza ikawa ya kawaida: nywele zikawa nyeusi, uso mweupe. Usta alilijua hilo tangu ujana, na siku ile lilimtoka. Fathi alikuwemo, mdogo kama ukucha, ameegemea nguzo ya roshani, kifungo cha shati kimeachwa wazi. Ukiuinua mkanda, anatoweka. Usta alijaribu kumhamishia kwenye kila karatasi ya picha aliyokuwa nayo. Zote zilitoka kijivu kitupu.

Ipo dawa ya kuupa nguvu mkanda wa namna hii, na Usta ameagiza Cairo. Huenda ikamtoa Fathi mzima, huenda ikamla hata huyu aliyebaki. Hafichi. Hata hivyo, tumaini lake ni hilo tu, mkanda urudi mikononi mwake mara moja tena. Ameomba mara nyingi, na Mama Fathi anakataa.

Mwandishi wa habari hizi alimkuta mama huyo ngazini, na kanzu yake ile ile. Mabinti zake, alisema, wanamsihi aache kuvaa nyeusi, miaka imetosha. Aliupapasa mkono wa kanzu, akaunyoosha.

"Nikiivua," aliuliza, "nitamwonea wapi?"