Karto za Shingoni

Madamu Angèle yuko hai. Naanza na hilo, maana hapa Bunia mutu akianza kusimulia maisha ya mwenzake, wasikilizaji wanashika kichwa na kuuliza matanga iko wapi. Hakuna matanga. Yuko nyumbani kwake, anaumwa magoti, na asubuhi bado anafundisha watoto viziwi. Nilimuomba mara tatu aandike mwenyewe. Mara zote tatu alisema amechoka, na kweli amechoka.

Alizaliwa upande wa Kilo. Baba yake alichimba dhahabu, mutu wa kutajirika mwezi ujao, kila mwezi. Dada yake mukubwa alikuwa kiziwi. Nyumbani walimuita Bubu, basi, kana kwamba majina yalikuwa yameisha. Dada huyo alikufa kwa tumbo akiwa na miaka kumi na minane, na hakuna aliyejua tumbo lilianza kumuuma lini, maana hakuna aliyeweza kumuuliza. Angèle alimaliza masomo ya ualimu, akaenda Kisangani kujifunza kuongea kwa mikono, akarudi Bunia akaomba chumba nyuma ya kanisa, Nyakasanza. Wakamupa stoo ya viti vilivyovunjika. Alianza na watoto wane. Mume wake, Hippolyte, alivumilia miaka miwili, kisha akaenda Ariwara kwa biashara. Biashara hiyo haijaisha mpaka leo.

Falone ni mutoto wa kaka yangu Gérard, nimemulea mimi. Alipoingia klasi ya Angèle alikuwa na miaka saba, na kazi yake ilikuwa kuuma watu, maana ndiyo namna peke yake ya kusema "hapana" aliyokuwa nayo. Miaka miwili ikapita. Siku moja nikakuta jina FALONE limeandikwa kwa makaa kwenye mulango wangu, chini ya sufuria zangu, na kwa chaki kwenye mbuzi wa jirani. Nilimupiga kwa ajili ya mbuzi. Kwa mulango sikusema kitu. Liko pale hata sasa.

Kisha vita ikaingia mjini, na kila njia ikapata bariere yake: muti umelazwa barabarani, na wanaume wenye bunduki wamekaa kando yake. Wanakuita kwa mbali: "Simama!" Ukisimama, wanakuuliza unatoka wapi, mutoto wa nani, na wanasikiliza ulimi wako una harufu ya kabila gani. Asiyejibu ni adui. Asiyesimama anapigwa risasi. Sasa fikiri mutoto asiyesikia.

Angèle alifikiri juma zima. Akakata karto za masanduku ya sabuni, akatia kamba ya kuvaa shingoni, akaandika kwa herufi kubwa: *Mimi ni kiziwi. Sisikii. Usinipige. Nipeleke kwa Madamu Angèle, Nyakasanza.* Chini kila mutoto akaandika jina lake mwenyewe. Walitembea na karto zile vifua mbele kama maaskofu. Siye wazazi tulisifu sana. Wote tulikuwa tumepita shuleni kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa.

Siku ya tatu, mwanamuke wa soko alikuja mbio kuniambia Falone amekamatwa bariere ya darajani. Nikamupitia Angèle, tukaenda.

Mutoto alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Karto ilikuwa mukononi mwa mukubwa wao, mutu muzima mwenye mvi za ndevu, waliyemuita Komanda Floribert.

"Nani alituma hii barua?" akauliza.

"Siyo barua, komanda," Angèle akasema. "Soma tu."

Komanda akaigeuza, akaigeuza tena. Akamupa mwenzake. Mwenzake akaiangalia kama mutu anayeangalia chungu cha jirani, akamupa wa tatu. Walikuwa wanaume watano. Karto ikazunguka kwa wote, ikarudi kwa Floribert.

Mimi na ulimi wangu huu: "Hata mumoja?"

Angèle akanikanyaga muguu, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Weye ndiye unasema imeandikwa vile," Floribert akasema. Haya ilikuwa imemushika, na haya ya mutu mwenye bunduki ni kitu kibaya. "Mimi nitajua je? Pengine inahesabu bunduki zetu. Tutapima. Nitapiga moja nyuma ya kichwa chake. Akishituka, iko mupelelezi."

"Atashituka," Angèle akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mutu aliyeamka na malaria. "Kiziwi anasikia bunduki kwa kifua. Kwa miguu pia. Utamuua bure, komanda. Pima mikono yangu. Niambie kitu sikioni, polepole, hata mimi nisijue kabla. Nitamutuma bila kufungua kinywa."

Floribert akaangalia wenzake, akainama, akanong'ona. Angèle akamugeukia Falone. Mikono yake ilienda mara tatu au ine, basi.

Mutoto akasimama. Akapita kati ya bunduki, akafika kwa yule munene aliyekuwa anatafuna muwa, akamuvua kofia. Chini ya kofia kulikuwa na kipara kama yai. Akapeleka kofia kwa Floribert, akaishika kwa mikono miwili, na heshima.

"Ah, komanda!" yule munene akalia. "Nimekukosea nini?"

Wenzake wakacheka mpaka wakapaliwa na mate. Floribert hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono ya Angèle.

"Kusema *simama* iko namna gani?"

Angèle akamuonyesha.

"Na *pita*?"

Akamuonyesha. Komanda akajaribu, vidole kama mihogo. Falone akanyoosha mukono, akamushika vidole, akavipanga vizuri, namna wanavyofanya klasini. Yule mutu akamuacha amushike. Kisha akatupitisha. Karto akabaki nayo, ya kuwashia moto.

Tulipofika mbali Angèle akakaa juu ya jiwe.

"Mama Rebecca," akaniambia, "miaka kumi nafundisha kuandika. Sikujiuliza hata siku moja nani atasoma."

Kesho yake akakusanya karto zote. Toka hapo, kila asubuhi kabla ya klasi, alizunguka kwenye bariere na karanga ndani ya kitambaa, akifundisha wauaji maneno mawili ya mikono. Watu wakasema madamu amekuwa muke wa wanajeshi. Nikawauliza kama wao wana watoto viziwi wa kupitisha. Angèle alirudi na vumbi mpaka magotini, akashika chaki. Na wale watu walishika yale maneno. Nimeona kwa macho yangu mutu mwenye mukanda wa risasi anainua kiganja, na mutoto anasimama.

Lakini bariere hazikukaa na watu wale wale. Mwezi wa tano wa 2003 upande mwingine ulichukua muji, na tulikimbia wote kuelekea uwanja wa ndege. Angèle alikuwa amefundisha bariere ine. Ya tano iliwekwa asubuhi ile ile. Xavier, mwanafunzi wake wa miaka tisa, alitangulia mama yake na godoro kichwani. Walimuita kwa nyuma. Sitaandika zaidi.

Ndani ya hema, karibu na wale askari wa kofia za buluu, Angèle alilala siku mbili akiangalia turubai. Siku ya tatu Falone akamuvuta kitenge, akamuuliza kwa mikono kama leo hawasomi.

*Nimechoka*, Angèle akajibu.

*Hata mimi*, Falone akasema, akakaa pale pale, hakutoka. Saa nzima. Mwisho Angèle akaamka, kwa hasira nadhani.

Somo la kwanza halikuwa la herufi. Aliwapanga saba waliobaki katika matope kati ya hema, akawafundisha kutembea: hatua kumi, geuka nyuma, angalia. Hatua kumi, geuka. Kutwa. Mimi nikaenda kupigana na kuni mbichi.

Leo Falone anauza vitenge sokoni na anasoma kunipita. Anatembea hatua kumi, anageuka. Mutoto wake, anayesikia kila kitu hata yasiyomuhusu, anageuka naye. Juzi nilimukuta Angèle anakanda magoti yake kwa mafuta ya mawese, nikamuambia, "Madamu, vita imeisha. Ambia Falone wako aache ile tabia, watu wanamucheka."

Hakuinua kichwa.

"Imeisha wapi?" akasema. "Wacha ageuke."