Siku Tuliyomzika Mjomba Sebuleni

Kwetu nyumba ikipata msiba, runinga hufunikwa. Siku habari ya mjomba ilipofika kutoka Dar es Salaam, kabla hata mikeka haijatandikwa, bibi wa nyumba ya jirani aliingia sebuleni kwetu, akavua kanga yake ya juu na kuifunika runinga mpaka chini. Redio nayo akaichomoa waya. Hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nalia, na hata katikati ya kilio kile niliwaza kwamba bibi huyu angekuwa mkuu wa wilaya, Mpanda yote ingenyooka.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Mama yao alifariki mjomba akiwa bado anatambaa, na mama yangu, naye bado msichana mdogo, ndiye aliyemlea. Alimfunga mgongoni kwa kanga na kuingia naye kwenye majaruba ya mpunga kule Majimoto, akapandikiza miche huku mtoto amelala. "Mgongo huu aliukojolea mpaka akachoka," mama alipenda kusema kila mjomba alipokuja likizo. Mjomba, mtu mzima mwenye kitambi na saa ya gharama, aliinamisha kichwa kwa aibu mbele ya watoto wake. Lakini hakuwahi kumkatiza.

Katika ukoo wetu, aliyekubeba mgongoni ndiye anayekuaga. Jeneza likifika kaburini, kabla halijashushwa, watu hunyamaza. Yeye husogea, akazungumza na marehemu neno lake la mwisho, kisha likishashushwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kabla yake hakuna anayeugusa, awe padre, awe kiongozi wa serikali. Sisi ni Wakatoliki wa siku nyingi na mapadre wetu wameshazoea. Husimama pembeni na kitabu chao wakingoja.

Sasa mbebaji alikuwa hai, lakini alikuwa Mpanda, na nyonga yake ilikuwa imevunjika. Aliteleza uani akifua, na tangu hapo alikuwa akitembea kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka kitandani. Daktari alisema safari ya basi asiifikirie kabisa. Watoto wa mjomba nao walishaamua baba yao azikwe hukohuko, karibu na nyumba aliyoijenga. Mama hakugombana nao. Alikuwa na swali moja, na alimuuliza kila aliyekuja kumpa pole.

"Nani ataanza udongo?"

Watu walijibu kwamba Mungu atajua. Jibu hilo lilimkera mama, na mimi pia lilinikera.

Mwishowe tulipatana hivi. Kaka yangu mkubwa alipanda basi kwenda kumwakilisha mama. Jeneza likishafika kaburini angempigia, angeweka simu kwenye spika na kuishika juu ya jeneza, mama aseme neno lake, ndipo kaka atupe udongo kwa niaba yake. Watoto wa mjomba walikuwa wamekodi watu wa video ambao wangeonyesha maziko mubashara kwenye intaneti, kwa hiyo mama angeona kila kitu akiwa kitini. Aliafiki, ila kwa shingo upande.

Runinga yetu ina kisanduku cheusi, kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochomekwa nyuma yake na kuleta video za intaneti. Nilikinunua kwa ajili yangu, kwa tamthilia zangu. Mama alipovunjika nyonga kikawa chake, kwa sababu ndicho kilichomletea misa ya Jumapili. Rimoti hakuwahi kuigusa. Aliniita tu kutoka kitini, "Weka kanisa," nami naacha sufuria jikoni naenda kuweka kanisa.

Siku ya maziko sebule ilijaa akina mama wa jumuiya, wamekaa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi. Niliposhika ile kanga ili nifunue runinga, bibi wa jirani akanishika mkono.

"Nyie watoto nyie! Mnataka kuwasha sinema msibani?"

"Siyo sinema, bibi. Ni maziko ya mjomba."

"Maziko yapo makaburini. Hiyo ni sinema."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mama akaniwahi.

"Funua," alisema. "Mdogo wangu yumo humo."

Bibi akaachia mkono wangu, akaikunja kanga yake mwenyewe na kuiweka mapajani.

Niliweka simu yangu dirishani, kwenye nondo, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri, nikaunganisha kisanduku. Picha ilipotokea, wote tulishusha pumzi. Tuliona turubai, viti vyeupe, mjane wa mjomba ameshikwa huku na huku. Halafu picha ikakwama, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Ikarudi. Ikakwama tena. Mara likaingia tangazo la sabuni, vijana wanacheza na ndoo kichwani, muziki mkubwa, sebule nzima ya waombolezaji imewakodolea macho. Nilibonyeza rimoti kwa hasira mpaka kidole kikauma.

"Si nilisema?" bibi alinong'ona.

Tuliendelea hivyo, picha inakwama na kurudi, inakwama na kurudi. Mama hakulalamika. Simu yake ndogo ya vitufe alikuwa ameishika kwa mikono miwili mapajani, akisubiri iite. Kwenye runinga wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanalitoa jeneza kwenye gari.

Simu ikaita. Mama aliipokea haraka, nikamwekea spika.

"Mama, nisamehe," ilikuwa sauti ya kaka, na nyuma yake mvua. "Nimekupigia sana, haikuingia. Mvua imetushukia, watu wakaanza kukimbia, wenye msiba wakasema tusisubiri. Tumeshafukia, mama."

Mama aliitazama simu, kisha akaitazama runinga. Pale wanaume walikuwa wanatembea polepole na jeneza begani, na mvua ilikuwa haijaanza.

"Unasema ameshafukiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona namwona?"

Kaka hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa. Kila mtandao ulipokwama, kile kisanduku kilisubiri, na uliporudi kiliendelea palepale kilipoishia. Kukwama kote kule kulikuwa kumetuacha nyuma, mbali na wenzetu. Nilipiga magoti karibu na kiti chake nikamweleza.

"Mama, hii inachelewa. Ya kule yameshapita. Hapa kwetu ndiyo yanafika sasa."

Aliwatazama wale wanaume wenye jeneza.

"Kwa hiyo hapa bado."

"Hapa bado, mama."

"Kata simu."

Niliikata, kaka bado anaomba msamaha. Jeneza lilifika kaburini. Likawekwa juu ya zile kamba, wanaume wakashika huku na huku, matone ya kwanza yakaanza kuonekana kwenye kioo cha kamera.

"Simamisha," mama alisema.

Nilibonyeza. Kila kitu kikasimama. Mjane alikuwa ameinua uso. Mtu mmoja nyuma alikuwa anafungua mwavuli, umefunguka nusu. Na pembeni kabisa alikuwapo kaka yangu, simu sikioni, uso umekunjamana, anapiga na haiingii. Mama alimnyooshea kidole.

"Kumbe alipiga kweli," alisema, na nikajua ameshamsamehe.

Aliomba asogezwe. Akina mama wanne walikibeba kiti naye yumo, wakakiweka mbele ya runinga, karibu kabisa, magoti yake yakigusa meza ya runinga. Niliogopa umeme usije ukakatika. Niliogopa kile kisanduku, ambacho kikiachwa muda mrefu huanza kuonyesha picha za milima ya Ulaya. Nilikaa na rimoti mkononi nikikiomba, ndiyo, nilikiomba kipande kile cha plastiki, kivumilie kidogo.

Mama alizungumza na mdogo wake kwa Kipimbwe. Mimi nimekulia mjini, Kipimbwe changu ni cha kuombea maji na kusalimia, lakini yale niliyasikia. Alimpa pole ya ugonjwa. Alimwambia mpunga mwaka huu umekubali. Kisha akamwambia kwamba huko aendako atamkuta mama yao, na kwa kuwa alimwacha akiwa mchanga hawezi kumtambua, akaanza kumweleza alivyo. Ni mweupe kidogo. Si mrefu. Ana mwanya, na akicheka huziba mdomo kwa mkono. Anapenda kufunga kilemba kwa upande wa kushoto. Ukimwona wa hivyo, alimwambia, msogelee, ndiye yeye.

Nilikuwa sijawahi kusikia habari za bibi yangu huyo zaidi ya kwamba alikufa. Nililia kimya, na akina mama wote waliokuwa wanaelewa walilia kimya.

Alipomaliza alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe."

Nilidhani anataka leso.

"Nipe hicho kidude," alisema. "Ni kipi?"

Nilimpa rimoti. "Hicho cha katikati, mama. Cha duara."

Alifuta kiganja kwenye kanga, kile cha kulia, kama anavyofanya kabla ya kushika kitu cha kanisa. Bibi wa jirani aligeuka na kuwaambia wenzake wanyamaze, ingawa walikuwa wameshanyamaza. Mama aliweka kidole gumba juu ya kitufe, akakaa nacho hapo, akiwatazama wale wanaume walioshika kamba.

"Haya," aliwaambia. "Mshusheni."

Akabonyeza. Mwavuli ukafunguka, mvua ikamwagika, kaka akashusha simu kutoka sikioni, na jeneza likaanza kwenda chini. Hapo ndipo kilio kilipopasuka sebuleni kwetu, cha kwanza siku ile, na wanaume wakaja kusimama mlangoni kofia mkononi. Mama hakulia. Alitazama mpaka kamba zikavutwa juu. Aliona kaka, kabla ya mtu mwingine yeyote, anainama, anachota udongo kwa mkono wa kulia, anautupa.

"Huo wa pili," alisema, akanirudishia rimoti.